Kipimajoto mfukoni mwa Magesa

Mukendo, Jumanne

Siku tatu zimepotea! Kompyuta ndogo ya friji ya chanjo inawaka vizuri mchana. Alfajiri, nikiwa peke yangu karakanani, kiini cha mfumo, yaani programu inayoiwasha, kinakiita kipimajoto kwenye njia ya data, hakijibiwi, kinagoma. Nimefumua programu nzima bure, na boti ya leo imekwenda kisiwani Rukuba bila friji.

Boti imeshaondoka ndipo namwona Magesa, fundi wangu, akitoa kipimajoto mfukoni. Kumbe hukichomoa kila jioni na kukirudisha asubuhi!

"Mzee, kwetu Rukuba injini hailalagi kwenye boti. Wezi!"

"Na mdomo nao ulikuwa unauchomoa?"

 Mimi pia ni wa Rukuba, injini ya boti ya baba ilikuwa ikilala chini ya kitanda changu. Miaka arobaini mjini, sikuwaza kuuliza kipimajoto kinalala wapi.