Hereni za Bwana Mifugo

Nairobi

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba umfikishie shikamoo yake akiwa ameshashiba. Mgongo bado unakusumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenikausha midomo. Holo, mdogo wangu, barua hii uisome wewe. Huyo Bwana Mifugo wenu mpya asiishike, miwani yake ipumzike.

Maana barua yenu ya mwisho niliifungua nikakuta mwandiko wake. Maneno ya baba, mkono wa mtu nisiyemjua! "Mwanangu huyu ameniokolea zizi," baba anasema, na huyo anayesifiwa ndiye kayaandika hayo bila hata haya. Eti amechanja ndama wote ndigana, ule ugonjwa wa kupe, amewavika hereni masikioni kuwa alama ya chanjo, hafi hata mmoja. Eti anakunywa maziwa kwenye kibuyu changu. Na eti baba anataka kumpa yule mtamba wa madoa. Mayu, mtamba yule niliahidiwa mimi. Mama yake nilimswaga kwa miguu toka Maswa hadi hapo Kasokola. Mimi tangu nizaliwe naitwa "we kijana", leo mgeni ndiye mwanangu? Nimeona wivu, nasema wazi.

Kazi yangu mnaijua, kuosha vioo vya maabara na kulisha ndama wa majaribio. Majuzi ikaja damu ya ng'ombe ndani ya barafu, imetoka kwetu, na aliyeituma ni huyohuyo Bwana Mifugo. Hata huku amenifuata! Moyoni niliomba Mama Daktari, mkuu wangu, aseme ni kazi ya ovyo. Akaisifu.

Baadaye akaniita nikiwa na ndoo mkononi.

"Kwenu kuna mbogo?"

"Wapo, upande wa hifadhi. Kiangazi tunachunga hukohuko."

"Basi mna shida."

Akanieleza taratibu. Kijidudu cha ndigana si cha aina moja. Sisi tulikuja na aina zetu toka Usukuma, ndani ya ng'ombe wetu, na hapo tukakuta nyingine ndani ya mbogo. Kupe akizibeba zote, zinaoana tumboni mwake, zinazaa watoto wasiofanana na baba wala mama. Kila kizazi kinabadilika. Chanjo inamfundisha ng'ombe kuzijua aina chache tu. Ikija yenye sura nyingine, mwili hauitambui, unaiacha iingie. Hereni peke yake haimlindi.

Nikwambie kweli, mayu? Nilifurahi. Nilirudi kuosha vioo huku napiga mluzi. Nilijua barua ya Mama Daktari ya kuwaonya itazunguka maofisini hadi masika, na nikawaza nami ninyamaze, ndama waanze kuanguka, baba amwone vizuri huyo mwanawe mpya. Kisha nikamkumbuka yule mtamba anavyolamba chumvi kiganjani mwako. Mluzi ukaniishia.

Holo, hapa sasa mwite Bwana Mifugo, asome mwenyewe, nawe simama karibu.

Bwana Mifugo, ng'ombe wasichungwe upande wa mbogo kiangazi hiki. Waogeshwe dawa ya kupe kila wiki, wenye hereni na wasio nazo. Mama Daktari anaomba utume damu nyingine, ya ng'ombe wanaokaribiana na mbogo. Ndama wako hawajafa, hilo nakushukuru. Wazee wangu unawaangalia, hilo nalo nakushukuru, japo linaniuma. Kibuyu kirudishe.

Imetosha, Holo, mnyang'anye karatasi.

Mayu, nisalimie bibi mzaa baba, umwambie sijaacha kula mlenda. Nisalimie mjomba mfuga mbuzi, na shangazi anayeuza dagaa sokoni Kashaulili, yule asiyepunguza bei hata kwa ndugu. Baba mwambie habari hii ya mbogo imetoka kwa mwanawe. Akiuliza "yupi?", Holo, usinifiche. Niandikie, kwa mkono wako wewe.

Ni mimi, wa tumbo lako,

Masanja