Ayubu Asiye na Uso

Jumatatu, 3 Juni

Nimemgeuza Musyoka, nimemwosha, nimemlisha uji. Kisha nikakoroga gundi ya unga wa ngano kwa sufuria ileile, nikaendelea kubandika magazeti kwenye kichwa cha Ayubu. Ndiye kikaragosi wa mwisho. Mkewe na wale marafiki zake walikauka wiki jana.

Musyoka aliandika utenzi wote wa Ayubu kabla kiharusi hakijamchukua ulimi na mkono wa kulia. Alitaka uimbwe, uchezwe ngoma, uonyeshwe kwa vikaragosi. Sasa anatazama tu. Jumamosi tumepewa ukumbi wa kanisa kule Kongo, Kawangware. Daktari hakunificha: kiharusi kikimpiga tena, basi. Kwa hivyo ni Jumamosi hii ama aende bila kuuona.

Uso wa Ayubu nimemwiga yeye mume wangu. Sina mwingine wa kumwangalia humu ndani mchana kutwa. Nilipomwonyesha, aliupapasa kwa mkono wa kushoto, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sikuwa nimemwona akicheka tangu hospitali.

Mgongo unaniua.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi Makina, nyuma ya duka la Mama Halima. Yeye ndiye mwimbaji wetu. Ni Mnubi. Wenzake ndio wanapiga ngoma na kucheza doluka, ile wanayocheza kwa harusi zao. Beti zote amezishika kichwani. Leo nikamtoa Ayubu kwa gunia, nikiringa.

Ngoma zikanyamaza.

Mama Halima akasema polepole, "Mama Mwende, huyo ni Nabii. Nabii hachongwi."

Miezi yote hii tumekaa pamoja. Yeye alidhani Ayubu atasikika tu, maana nani asiyejua kwamba nabii haonyeshwi? Mimi nilidhani Ayubu ataonekana, maana nani asiyejua kwamba mchezo wa vikaragosi una vikaragosi? Hakuna aliyeuliza. Watu wazima sisi. Akasema hana ugomvi na mimi, lakini uso huo ukipanda jukwaani, wao hawapandi.

Nimerudi nyumbani, mtaani Lindi, na gunia langu. Nimekasirika. Najua ni dini yao, na bado nimekasirika.

Alhamisi, 6 Juni

Pasta amepiga simu. Ameshasikia. Umbea haulipi nauli, Makina hadi Kawangware. Anasema niachane na hao, vijana wa kwaya wataimba na kinanda. Vijana hawajui hata ubeti mmoja, nikamwambia. Basi angalau Ayubu aonekane, akasema, watu hawatoki kwao kuja kutazama hewa.

Ni rahisi kusema ukiwa ofisini.

Nimemweleza Musyoka. Amegeukia ukuta. Amekataa uji. Nimekaa nje nikalia kidogo, halafu nikafua shuka.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Halima amekuja mwenyewe baada ya swala, na mandazi. Hakutaja uso. Musyoka alikuwa anataka choo, na choo chetu kiko ng'ambo ya mtaro. Nikambeba mgongoni, nikamfunga leso asiteleze, kama kila siku. Amebaki mifupa lakini mifupa ya mwanaume ni mizito. Tuliporudi, Mama Halima alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Akasema nyanyake alisimulia hivyohivyo: mke wa Ayubu alimbeba mgongoni kutoka kila mji uliowafukuza.

Mimi huyo mama nilikuwa namjua kwa maneno machache tu, ya kumwambia mumewe amlaani Mungu afe. Musyoka naye alimpa ubeti mmoja, wa matusi.

Tukapanga hapohapo. Mke atabeba leso iliyofungwa mgongoni, ndani nguo zimekunjwa tu. Hakuna uso. Sauti ya Ayubu itatoka nyuma ya pazia. Pasta nimemwambia, akaguna.

Sasa huyo mke angesema nini? Nimeandika mwenyewe nikingoja maharagwe yaive. Sijawahi kugusa utenzi wa Musyoka, hata nukta. Mama Halima nimemsomea kwa simu; Musyoka sijamwambia. Naogopa.

Mgongo wangu u moto,
nakuvusha huu mto,
sisemi wewe mzito,
ila leo nimechoka.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Pasta mbele, amenuna. Musyoka tulimleta kwa gari la jirani, tukamkalisha kando na mito.

Mimi mwenyewe nilimshika kikaragosi wa yule mke. Mikono ilijua kazi. Unampinda kiunoni. Unamsimamisha apumue. Unairudisha leso juu. Mwanzoni watoto walicheka, kisha wakaacha. Wanawake wa Makina wakaingia na doluka, taratibu, wakiburura miguu. Mama mmoja mzee akasema kwa sauti, "Mpeni maji huyo." Hakuwa anatania.

Ubeti wangu ukafika. Mama Halima aliuimba mara mbili, bila ngoma. Nikachungulia kwa tundu la pazia. Musyoka anajua kila neno aliloandika, na hayo hakuandika. Kichwa kiliinuka. Hakuangalia jukwaa. Aliangalia pazia, palepale nilipokuwa.

Mwishoni hata Pasta alipiga makofi. Watu walinishika mkono. Nilitaka kulala tu.

Jumapili, 9 Juni

Mvua. Sikuenda kanisani.

Nimepika wali, nimempondea Musyoka, nimepeleka kijiko. Akafunga mdomo. Nikajaribu tena. Akafunga. Nikajua ni hasira ya ule ubeti. Nikamwambia pole, sitarudia, utenzi ni wako.

Akanipokonya kijiko kwa mkono wa kushoto. Akachota. Wali ukamwagika njiani, punje chache zikabaki. Akakifikisha mdomoni mwangu, akakishikilia hapo.

Nikala.