Mguu wa Tatu wa Korongo

Jumatatu, 3 Mei 1993

Balaa! Kapteni Rundle, mwenyekiti wa wazee wa kikosi cha Babu, anataka niandike historia ya kikosi na niisome mbele yao Jumamosi. Kwa mdomo wangu! Kilikuwa kikosi cha ndege za jeshi la wanamaji, kilianzishwa hapa hapa Cornwall mwaka 1943, na sasa kinatimiza miaka hamsini. Nikamwambia sauti yangu haifiki mbali. Akasema nusu yao hawasikii, kwa hiyo tutafaana.

Jumanne, 4 Mei

Nimepewa sanduku la karatasi kuukuu. Raha tupu! (Siwezi kumwambia mtu shuleni.)

Nimeanza na nembo: korongo juu ya mawimbi, miguu mitatu. Miwili ya wanaoruka, wa tatu wa wale ambao hawakurudi. Kila mwaka wazee huinua glasi kuuheshimu mguu wa tatu, wote wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja. Anayeweka wa pili chini huosha vyombo vyote. Babu hajawahi kuosha hata kijiko.

Wa kwanza kutorudi alikuwa Luteni Piers Nance, 1944. Mjane wake, Bibi Hester, huja kila mwaka na kukaa mbele kabisa.

Alhamisi, 6 Mei

Sijui nifanye nini.

Chini ya sanduku kuna picha. Babu akiwa fundi wa injini, kijana, masikio makubwa, yuko baa ya kijijini anachora nembo. Mbele yake, juu ya kaunta, korongo aliyekaushwa. Ana miguu miwili. Na kijiti cha kumzuia asianguke!

Kuna barua pia. Wakubwa wa kuidhinisha nembo kule London waliuliza kwa nini ndege ana miguu mitatu. Wakati huo korongo alikwisha kuchorwa kwenye eropleni kumi na moja. Kamanda akajibu kwamba ni makusudi, mguu wa tatu ni wa wale ambao hawakurudi. Nimetazama tarehe ya barua mara nne. Hakuna aliyekuwa amepotea. Hakuna hata aliyekuwa ameruka!

Nikamwonyesha Babu picha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Taa ya baa ilikuwa mbovu.”

“Babu!”

“Nilikuwa na miaka ishirini, Kerensa. Na bia mbili.”

“Mbili tu?”

“Wewe andika mbili.”

Halafu akanirudishia picha. Akasema nisiisome habari hiyo mbele ya Hester. Miaka yote hii anakuja kwa ajili ya ule mguu. Mume wake hana kaburi, ana huo tu.

Ijumaa, 7 Mei

Nimeandika ukurasa wa tatu mara mbili. Mmoja una kijiti. Mwingine hauna. Ule usio na kijiti umeandikwa vizuri zaidi, na unanichefua.

Jumamosi, 8 Mei

Niko jikoni mwa ukumbi, naandika juu ya pipa la unga. Nimeomba dakika tano. Nimekula vimkate vitatu vya zafarani bila kuhisi ladha.

Bibi Hester amenifuata huku. Ameuliza, bila hata salamu, kama nimeandika habari ya kijiti.

Nikaficha kurasa mgongoni.

“Ile baa ilikuwa ya baba yangu, mtoto wewe. Kijiti nilikichonga mimi, kwa mpini wa ufagio wa mama.”

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza! Hata Piers, mumewe, alijua. Alicheka mpaka bia ikamtoka puani. Nikamwuliza mbona hakusema.

“Babu yako alimwonea fahari mno yule ndege wake. Nikaona nisimvunje moyo.”

Miaka hamsini wanafichana! Nikamwambia kwamba Babu naye anaficha kwa ajili yake. Akakaa juu ya kiti cha jikoni, akacheka kimya kimya hadi machozi.

Halafu akasema ameleta zawadi ya kikosi. Iko mezani kule ukumbini, imefunikwa shuka. Ndefu. Nyembamba. Mungu wangu.

Kapteni Rundle hana subira, amekwisha kuwasimamisha kwa mguu mmoja. Nawaona kupitia upenyo wa mlango: wazee kumi na wanane wanayumba, wameshikana mabega. Mmoja analalamika goti. Mwingine anamwambia aache kulia, ama akaoshe vyombo. Kapteni anaita, “Binti, njoo usome kabla hatujafa!”

Kurasa zote mbili ninazo mkononi. Bibi Hester ananitangulia, anaelekea kwenye ile shuka. Pembeni pametokeza mdomo mrefu wa manjano wa korongo.

Babu ameuona.

Babu ameweka mguu wa pili chini.