Nakala Chafu Nilizozitupa

Baba,

Pokea salamu zangu kabla hujatafuta ile kalamu nyekundu. Mwili wangu ni mzima. Hapo nyumbani Nuu mko vipi? Mgongo wa mama umepoa? Mvua imefika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mwaka huu sijaonja pojo hata punje moja.

Utaona hapo juu kabisa nimekata mstari mzima. Usikasirike, nitakueleza. Na tafadhali barua hii isome kwanza peke yako kabla ya kumsomea mama.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mwaitu, si ulisema results zinatoka hii mwezi? Watu wa kanisa wananisumbua, niwaambie nini?" Nilikusikia wewe, nikamsikia mama, shangazi na hata mbuzi, maana simu yako siku zote inazungumza na boma zima. Nikajibu bado. Ukiniita mwaitu, kama unavyomwita mama yako niliyepewa jina lake, kudanganya ni kazi ngumu, lakini nilidanganya. Matokeo yalikuwa yametoka.

Unaikumbuka insha ya mitaro? Tuliambiwa chuoni tuandike jinsi ya kuzuia udongo usibebwe na maji. Nikachagua mitaro yetu ya fanya juu, ya kurushia udongo upande wa mlimani, ile ambayo shangazi na kundi lake wanachimba kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Nilijua ninachosema kwa sababu malengelenge niliyapata mwenyewe. Niliandika kwa mkono, kama ulivyotufundisha: nakala chafu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo ile safi. Ile safi ndiyo nikaipiga kwenye kompyuta kwa kikao kimoja. Na zile chafu nilizifanya vile tulivyozoea nyumbani. Huku ng'ambo hakuna meko, basi nilizichana vipande vipande nikazitia kwenye pipa la karatasi. Ulitwambia mwalimu anapewa kazi safi tu, makosa yako unabaki nayo mwenyewe.

Sasa baba, siku hizi kuna mashine inayoandika. Unaiuliza swali, inakupa insha nzima kabla chai haijapoa. Wanafunzi wanaitumia kwa siri, na chuo nacho kimeleta mashine nyingine ya kuwanusa. Hiyo ya kunusa ilisoma mitaro yetu ikasema hakuna mtu aliyeandika maneno haya. Eti Kiingereza kimenyooka mno. Ni Kiingereza chako hicho! Umekinyoosha miaka yote ile kwa rula, leo kimenifunga.

Niliitwa mbele ya watu watatu. Mmoja ni mwalimu wangu wa somo la udongo, mama mpole, ambaye hakuniangalia usoni. Wakasema, tuonyeshe kazi yako ilivyokua, rasimu zako ziko wapi? Nikawaambia nimezichana. Kwa nini? Nikasema baba yangu ni mwalimu mstaafu, kwetu nakala chafu huwashia moto. Mmoja akaandika kitu, wakatazamana. Hapo nikajua nimeisha. Nikawaomba waniulize lolote kuhusu mitaro, udongo unarushwa upande gani, nyasi gani inapandwa ukingoni, niwajibu hapo hapo bila karatasi. Wakaniambia utaratibu hauruhusu.

Ninaishi chumba kimoja na msichana ambaye hajaandika sentensi yake mwenyewe tangu tuanze muhula. Nilipomsimulia, alinihurumia kweli. Akasema, "Kwa nini hukuiambia mashine ikuandikie na rasimu? Mimi huwa naiomba tatu, zenye makosa." Yeye amepita. Nilicheka hadi nikalia.

Walinipa fomu mbili nichague. Ya kwanza inasema nimekosa, nimetumia mashine, naomba msamaha. Nikitia sahihi narudia somo, jina langu linawekwa alama kwenye faili, maisha yanaendelea. Ya pili inasema sikukosa, na kesi inakwenda kwa kamati kubwa. Kamati hukaa inapotaka. Wakati nikisubiri ufadhili unasimama, na ufadhili ukisimama, kibali cha kuishi huku nacho kinasimama. Ningerudi Nuu kabla hawajanisikiliza, na hapo nani angeamini?

Nilitia sahihi, baba. Ile ya kwanza. Nimekiri kosa ambalo sikulifanya, kwa mwandiko ulionifundisha wewe. Najua ungeniambia nisimame na ukweli. Najua hata kiti ambacho ungekuwa umekikalia ukisema hivyo. Lakini nilikuwa peke yangu, na mlango ulikuwa mmoja.

Sasa kazi za chuo ninaziandika huku kompyuta ikirekodi kila herufi ninayobonyeza. Nikifikiri kidogo, naogopa itaandika kwamba nimenyamaza. Na kuna jambo linaloniuma kuliko yote: naharibu sentensi makusudi. Nikiona moja imetoka vizuri, naivunja mguu ili mashine iniamini. Mtoto wa mwalimu, na umri huu, natafuta makosa ya kutia kwenye kazi yangu.

Mwambie mama ninavaa soksi mbili mbili kama alivyoniagiza. Shangazi, kiongozi wa wachimbaji, mwambie nilimsifu kwa kurasa kumi, ila asiulize nilipata alama ngapi. Kaka yangu anayechunga mbuzi msalimie, na beberu lake. Mchungaji mwombe aendelee kuniombea, sababu usimpe. Na watu wa kanisa utajua mwenyewe cha kuwaambia. Mimi nimeshindwa.

Kuhusu ule mstari uliokatwa. Uko pale juu kabisa, ndio niliouandika wa kwanza kabisa nilipochukua karatasi hii. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utausoma. Unasema matokeo yametoka na nimefaulu. Nilikuwa nimepanga barua nzima iende hivyo, halafu ninakili safi na hii niichane.

Sikunakili. Hii uliyoishika ndiyo nakala chafu, na hakuna nyingine. Isahihishe ukitaka, lakini safari hii, baba, usiitie mekoni.

Binti yako mwenye jina la mama yako,
Mwikali