Robo Moja ya Mpira wa Pete

Jumatatu, 3 Juni
Mazoezi saa kumi na moja, baada ya kusahihisha madaftari. Nimefunga mabao tisa. Miaka arobaini na minane, mabao tisa. Wanafunzi wangu walihesabu kwa sauti ukingoni. Wifi yangu Tatu, nahodha wetu, kasema nitaanza mechi dhidi ya timu ya Mgori tarehe 29. Sijaanza mechi tangu chuo cha ualimu. Nimesonga ugali nikiimba.

Alhamisi, 6 Juni
Raundi sita za uwanja. Ya nne kifua kikabana, kama nimefungwa kanga kwa nguvu. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Kikaachia. Labda vumbi. Upepo wa hapa Ilongero siku hizi ni mbaya.

Jumatatu, 10 Juni
Kimebana tena. Safari hii na mkono wa kushoto mzito. Nikisimama kinaachia, nikikimbia kinarudi. Sijamwambia mtu. Naogopa kuachwa kwenye timu kuliko ninavyoogopa kifua. Ujinga, najua.

Jumanne, 11 Juni
Tatu aliniona jana. Kaja shuleni kabla ya kengele, hata salamu hakumaliza.
“Wifi, ukianguka uwanjani nimwambie nini kaka yangu?”
Nikasema nitapima baada ya mechi. Akasema bila daktari hakuna jezi. Nimemchukia mpaka saa nne. Saa tano nilikuwa nyuma yake kituo cha afya.
Presha iko juu sana. Nesi kapima mara mbili, kisha mkono wa pili. Tukapelekwa mjini mchana huohuo, kupima moyo. Nimelazwa. Naogopa.

Jumatano, 12 Juni
Moyo mzima, shida ni presha. Daktari ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Kanipa shikamoo, kisha kanikemea. Kifua kikibana ni kuacha mazoezi na kuja kupimwa, si kufunga kamba za viatu. Kikibana nimekaa tu, nisisubiri hata saa moja. Na mtu wa umri wangu aliyekaa miaka bila mazoezi angepima kwanza, ndipo akimbie.
Dawa kila siku. Mgori sitacheza. Nimelia garini tukirudi nyumbani. Tatu kaninunulia karanga, kisha kazila yeye.

Jumatatu, 17 Juni
Nimeruhusiwa kutembea. Dakika ishirini, mwendo ambao naweza kuongea. Mume wangu Hamisi kanisindikiza hadi kwenye mashamba ya alizeti. Miaka mingapi hatujatembea pamoja bila shughuli? Kaongea njia nzima. Kumbe ana maneno.

Jumamosi, 29 Juni
Mgori. Tumefungwa 21 kwa 20. Nilishika saa na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilidhani nitaumia kukaa nje. Sikuumia. Tumecheka mpaka nyumbani, utadhani tumeshinda.

Jumatatu, 29 Julai
Presha imeshuka. Daktari karuhusu robo moja ya mchezo, nikishapasha mwili polepole. Dawa naendelea nazo.
Nimecheza dakika kumi na tano. Mabao mawili. Kifua kimya. Tatu kanipiga begani.
Jezi nimeianika. Nimekaa kibarazani, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Jua linazama. Nimechoka, uchovu mzuri. Nina furaha, basi.