Mchanga Tuliochota Mbele ya Nguzo

Shasha, Alhamisi alasiri. Mvua imekatika lakini mapaa bado yanadondoka. Shajara yangu, leo moyo wangu ni mzito, na nitaandika hata kile kinachonitia aibu.

Papa ni seremala. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo kila mtu anamwita Papa Asifiwe. Ndiye aliyejenga daraja la miti kwenye kijito kinachoingia ziwani. Nguzo zake za mkaratusi alizishindilia ndani ya mchanga. Wanaume wanne waliinua gogo zito na kuliachia juu ya kila nguzo, tena na tena, mpaka ikakataa kushuka. Papa aliniambia nguzo haiaminiwi mpaka ikatae.

Upande wetu daraja lilikuwa juu kuliko njia. Mama Riziki, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alimtania: "Papa Asifiwe, daraja yako iko na miguu ya korongo. Sisi wenye mabeseni tutapanda na ngazi ao na mabawa?" Watu walicheka, Papa pia.

Jumamosi iliyofuata Papa alikuwa amekwenda Sake kutafuta misumari. Kijiji kikafanya salongo, kazi ya pamoja, ili kumsaidia: tujaze mchanga nyuma ya nguzo, upande wa njia, pawe na mteremko wa kupandia. Sisi wanafunzi tulipewa kazi ya kuchota. Kwenye salongo, anayemaliza mapema anarudi nyumbani mapema. Nikawaonyesha wenzangu mahali: palepale mbele ya nguzo, ukingoni mwa maji, mchanga safi na wa karibu.

Mimi ndiye niliyeonyesha.

Papa aliporudi, maji yalikuwa yamelifunika shimo. Aliona rundo tu, akatushukuru.

Kisha mvua zikanyesha mfululizo. Rundo likalowa, likawa zito. Nguzo zikaanza kuinamia kijito, kidogo kidogo, na asubuhi moja mbao zikaachana. Mama Riziki alianguka, akavunjika mkono. Watu wakasema Papa alikata miti isiyokomaa. Papa alifunga msumeno wake ndani ya gunia, akaenda Kalembe kulima kwa mdogo wake.

Leo, saa ya mapumziko, nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia kwa nini nguzo zilizokataa kushuka zimekubali kuinama. Alinituma nilete beseni la mchanga uliolowa na vijiti vitatu. Tukasimamisha vijiti, tukarundika mchanga nyuma yake, tukachota mbele, tukamwagia maji.

Viliinama vyote pamoja. Hakuna kilichovunjika.

"Unaona, kijiti hakina kosa," alisema. "Mchanga wa nyuma unalemewa na maji, unatafuta pa kwenda. Mukiufungulia shimo mbele, unasogea, na unasukuma kila kilichosimama ndani yake."

Nilitaka kumwambia ni nani aliyefungua. Sikuweza. Wenzangu walirudi darasani, nami nikabaki naosha beseni ambalo lilikuwa limeshatakata.

Baada ya masomo nilimpigia Papa. Mara ya tatu simu ilipita. Nilimweleza yote, hata kuhusu mahali nilipoonyesha.

"Miti ilivunjika?" akauliza.

"Hapana, Papa. Iko mizima yote."

"Sawa," akasema. "Soma, mama."

Hakusema atarudi. Hakusema amenisamehe. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Shefu wa kijiji ametangaza kwamba Jumamosi hii nguzo zitasimamishwa upya na rundo litaongezwa. Nina hakika watachota palepale, maana ni karibu. Msichana wa umri wangu hazungumzi mbele ya wazee kwenye salongo, anabeba tu. Lakini nikinyamaza, daraja litainama tena, na miti ya Papa ndiyo itakayolaumiwa tena.

Kesho nitaanza kwa Mama Riziki, kwa sababu mkono uliovunjika ni wake. Nitamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Jumamosi nitasimama ukingoni kabla mtu hajachota, niseme nilichofanya, kisha niwaombe tuchote mbali na nguzo, kule juu, hata kama tutachelewa kurudi nyumbani.

Na wakiamini, je, Papa atarudi? Hilo silijui. Nitasema tu.