Damu Niliyokupa, Dada

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute wewe, shemeji na mtoto mkiwa wazima, na mama magoti yake yametulia. Mimi ni mzima kiasi. Hicho "kiasi" ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu nilishindwa.

Huku Brazili nilipo ni nchi kavu ya mkonge. Asubuhi kiwandani, majani yakianza kusagwa, harufu yake kali hunirudisha Maramba kwa bibi, tulikokuwa tukipelekwa shule zikifungwa. Ndiyo maana nilipofika sikutaka chumba cha kampuni. Nilipanga kwa mjane mmoja, Dona Lurdi, nyumba ya fito na udongo kama ya bibi. Alinichemshia muhogo kila asubuhi, akaniita mwanangu. Mvua ikinyesha nilinusa kiambaza kilicholowa, nikajiona mtoto tena, wewe umelala ubavuni kwangu umenivuta shuka lote. Mwaka wa kwanza wote nililala hivyo kwa raha.

Miezi mitatu iliyopita yule mama alitakiwa kupasuliwa, nikaenda kumtolea damu. Muuguzi akaniuliza kama nimewahi kulala nyumba ya udongo. Nikajibu kwa majivuno, "Ndimo ninamolala!" Akafungua kabati, akatoa kichupa chenye mdudu mkavu, mkubwa kama mende, ana mistari mbavuni.

"Huyu unamjua?"

"Namjua. Wamo kwenye nyufa za ukuta wetu."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mdudu huyo hunyonya damu ya aliyelala, kama papasi wa kwetu, na kinyesi chake hubeba vijidudu vya ugonjwa uitwao Chagasi. Vijidudu hivyo vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku vikiudhoofisha moyo. Tena vinaweza kupita kwenye damu anayoongezewa mgonjwa. Wakanipima. Ninao, dada.

Wallahi sikuwaza moyo wangu. Niliwaza siku ile ulipojifungua Ramla, damu ikakataa kusimama, daktari akatoka kuuliza nani wa kundi lako. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka huku, nimeshalala mwaka mzima kwenye nyumba ile. Nilikunja mkono wa shati kabla hajamaliza kusema, na mama akanibusu mkono huo. Kwetu mdudu huyo hayupo. Nani angeuliza habari zake?

Ndipo nilipokusumbua ukapime, nikakwambia huku kila aliyewahi kutoa damu anatakiwa amwambie aliyempa akapime, nikakuficha kwamba mimi ninao. Wiki zote ulizongoja majibu kutoka maabara ya mbali, nililala simu ikiwa mkononi. Uliponipigia ukasema, "Sina kitu! Sasa wewe unalia nini?" nilisingizia mafua. Nisamehe.

Nimeanza dawa, ni za miezi miwili. Zinanisababishia upele na kuniondolea hamu ya kula, ila daktari anasema moyo bado haujaguswa. Dona Lurdi amepona kwa damu za wengine, lakini naye amekutwa nao, tena wa siku nyingi. Nyumba imepulizwa dawa, na Jumamosi mimi ndiye ninayepiga lipu ya saruji. Chumba changu hakinuki tena udongo. Nilikaa kitandani nikasikitika, ingawa najua ni upumbavu kukililia kitu kilichokuwa kikiniumiza.

Mama mwambie wewe, kwa kinywa chako, akishakunywa chai. Umwambie pia siku ikihitajika damu nyumbani aitwe Shabani mdogo wetu, mimi basi tena. Hilo limeniuma kuliko dawa.

Nisalimie mama, shemeji, mjomba wa Tongoni, na shangazi wa hapo Mabawa ambaye bado ananidai picha. Ramla mbusu sana. Siku aliyozaliwa nilijivuna kwamba nimekupa damu yangu. Leo namshukuru Mungu kwamba uliipokea, ukaacha kilichokuwamo ndani yake.

Ndimi nduguyo anayekukumbuka kila uchao,

Bakari